Siku Kaka Anselimi Alipoanguka Kembriji

Haya jamani, wakubwa shikamooni, wadogo niamkieni upesi nianze. Mwenye senene mdomoni amalize kutafuna, maana nikianza sitaki kusikia kra kra.

Juzi mjukuu wangu, huyu anayesubiri majibu ya fomu siksi mpaka hali chakula, alipanda darini jikoni kutafuta jembe, akaangusha engozi ya zamani. Masizi yalitoka tukapiga chafya mpaka kuku wakahama. Ninyi wa pikipiki hamuijui engozi. Ni machela yetu, imesukwa kama kapu refu, mgonjwa analala ndani na wanaume wanaibeba kwa miti mabegani. Nikanusa ile harufu yake ya moshi na jasho. Nikamwona kaka yangu Anselimi amelala mle, viatu vinachungulia nje.

Anselimi alikuwa mtoto wa kwanza wa baba, mimi kitinda mimba. Shule mimi niliiona kwa nyuma tu, nikipita na kuni kichwani. Lakini yeye alisoma. Akifungua kitabu, migomba yote ya Chonyonyo inainama kusikiliza. Alisoma hapa mpaka walimu wakaishiwa maneno, wakampeleka shule kubwa kuvuka ziwa. Akija likizo anatuambia imebaki Kembriji tu, hiyo ndiyo ngazi, akimaliza kuipanda anaingia Makerere. Makerere tuliisikia, iko Uganda, ukitoka huko hata mbuzi wanakuita bwana. Kembriji ndiyo hatukuijua. Baba alisema ni mlima. Baba mdogo akasema, hapana, kama ni ngazi itakuwa ya chuma. Walibishana mpaka kibuyu cha pombe ya rubisi kikaisha.

Tulicheka, ila baba hakuwa na mchezo. Alipogawa kibanja chetu, migomba na kahawa, Anselimi hakupata hata shina moja. Mtu wa Makerere atalima nini, alisema, na wazee wakaitikia. Kila kipande kikapata mwenyewe. Anselimi akaachiwa Makerere.

Sasa siku moja likaja lori la kahawa. Dereva wake mtu wa Mwanza, Kiswahili chake kimenyooka kama barabara mpya. Sisi nyumbani ni Kinyambo. Kiswahili tulikiokota sokoni vipande vipande. Dereva akavua kofia, akamwambia baba, "Pole, mzee. Nimempakia mwanao kutoka Bukoba. Ameanguka Kembriji."

Mama alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

Baba akauliza kama ameanguka vibaya. Dereva akasema vibaya sana, tena wameanguka wengi, darasa karibu zima. Baba akauliza kilichomwangusha. Dereva akajibu kwamba mwenyewe kule njiani alikuwa anasema ni Hesabu, Hesabu, basi.

"Hesabu huyo," baba akasema, sauti imekauka, "ni mtoto wa nani?"

Dereva akamtazama, akadhani uchungu umempanda kichwani. Akasema tu kwamba mwenyewe amekataa kuendelea, amemshusha Ndama, amekaa pale njia panda na hajiwezi kabisa. Kisha akawasha lori, akaenda zake.

Mama hakulia. Alishuka chini juu ya maganda ya ndizi, akaanza kupapasa udongo kama mtu aliyedondosha shanga. Hilo sijalisahau. Bora angelia. Baba mdogo ndiye aliyepiga yowe, na wanaume wakatoka mashambani na udongo miguuni, kwa sababu kwetu engozi ikishuka darini hakuna wa kuuliza ni ya nani. Bibi, mama yake baba, masikio yalishaziba. Tukamwelezea kwa mikono kwamba Anselimi ameanguka kutoka juu. Akashika kichwa.

Nikapewa kibuyu cha uji wa mgonjwa, nikafuata. Wanaume walikimbia hadi vivuli vyao vikachoka vikabaki nyuma. Baba alikuwa mbele, na kila tukipanda mlima anautazama kwa chuki, kana kwamba ndio Kembriji.

Mimi ndiye niliyemwona. Hakuwa tena pale alipoachwa. Alikuwa ameshika njia ya Mabira, ile inayoshuka mpaka mto Kagera, na ukivuka unaelekea Buganda. Sanduku kichwani, nguo nyeupe, viatu. Nikaita. Akasimama bila kugeuka.

Baba alimfikia, akamshika miguu, akamshika mbavu, akamgeuza kichwa kama anayenunua ng'ombe. Hakuona kidonda. Akauliza, "Umevunjika wapi, mwanangu?"

"Kila mahali, baba."

Baba akasema alazwe. Wakamlaza. Akafunika uso kwa mikono, tukaanza kurudi, na wanawake wa njiani wanatuvulia kanga kichwani, wanasema pole, pole. Mbele kidogo akaanza kusema mle ndani. Kwamba Kembriji si mlima. Ni mtihani, unaandika kwa karatasi. Kwamba Hesabu si mtu. Kwamba Makerere imefungwa, na kibanja hana, kwa hiyo wamshushe, aende Buganda akachume pamba za watu.

Wale wanaume wakasimama. Jasho linatiririka, mabega yamechubuka, na mgonjwa ni mzima. Nilimtazama baba. Mdomo ulikuwa unamcheza. Nikajua sasa anamtupa.

Baba akauliza, "Kwa hiyo hukuumia?"

"Nimeumia, baba."

Baba akahamisha mti kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. "Basi tembeeni," akasema. "Hatushushi mgonjwa njiani."

Wakati ule niliona wanaume wazima wamechanganyikiwa, wanambeba mtu mwenye miguu yake. Nilikuja kuelewa nimeshazaa wangu. Walioshika njia ile ya Mabira wakiwa na aibu, wengi mama zao walikufa wakitazama barabara. Kaka yangu alikuwa ameanguka kweli, na asingefika nyumbani kwa miguu yake. Kesho yake asubuhi baba alimkatia kipande cha migomba ya mlangoni kwake mwenyewe, ile anayokaa chini yake kunywa, akamwambia hapa ndipo pako.

Lakini jioni ile tulipofika, tukaiweka engozi uani. Anselimi akatoka, akasimama. Mama akamshika vidole, kimoja kimoja. Hakuna anayejua kama ni msiba au ni nini. Bibi akaja na fimbo yake. Habari za karatasi hakuna aliyekuwa amempigia kelele sikioni. Akamtazama mjukuu wake juu mpaka chini, akawageukia wanaume, akawafokea:

"Mwakani akipanda tena, mfungeni kamba kiunoni."