Sahihi Yangu Kwenye Daftari la Helikopta

Watu wa Busia wananiita afande mpaka leo, na kila mara roho inaniuma. Mimi nilisomea injini za ndege, si kuamuru watu. Miaka mingi nilishinda chini ya helikopta za jeshi nikinuka oili, na nilikuwa na raha zangu. Vita vilipopamba moto na makamanda wawili kuuawa, wakubwa wakanivika cheo, wakanikabidhi kambi ya mbele. Nikajiona nimefika. Pumbavu kabisa.

Karakana yetu ilikuwa na desturi moja: anayetia sahihi daftarini kwamba helikopta ni nzima, ndiye anayepanda nayo safari ya kwanza. Hakuna aliyeiandika popote, lakini ilituzuia kuandika uongo.

Asubuhi moja askari wetu walizingirwa ng'ambo ya mto, wakawa wanaomba risasi na daktari. Fundi wangu mkuu, mtu wa Sikuda, mpole lakini mbishi kazini, akakataa kutia sahihi. Alikuwa amekuta chembe za chuma kwenye oili ya gia ya mkia. Nikazisugua kwa vidole, nikamwambia huu ni unga tu, kila gia husagika kidogo. Akasema hapana, hizi zina makali, jino la gia linameguka. Kamanda asiyejua ndege angemsikiliza. Mimi nilijua kiasi cha kumnyamazisha, nikatia sahihi mwenyewe.

Basi kwa desturi, wa kupanda nilikuwa mimi. Lakini redio ilikuwa inaniita, nami nikaifanya kisingizio, nikajitia hamnazo kuhusu desturi. Fundi alichukua spana zake, akapanda, akakaa nyuma kabisa ausikilize mkia. Helikopta haikufika hata mtoni. Alikufa pamoja na rubani, mtu wa Tororo.

Ripoti ikasema ni uzembe wa fundi. Daftari lilikuwa limeungua pamoja na helikopta. Niliambiwa askari wakikosa imani na kamanda watatawanyika, kwa hiyo nifunge mdomo. Nikafunga. Vita vikaisha, nikastaafu, na bado nikafunga.

Mwaka huu mama yake fundi akaniita Sikuda. Walikuwa wanasakafia kaburi, na pale kwao mkubwa wa kazini wa marehemu lazima aseme neno kabla saruji haijakauka. Niliwahi kabla ya wageni. Mama akanipa chai jikoni, nami nikapiga moyo konde, nikamweleza yote, tangu zile chembe mpaka sahihi yangu.

Hakulia. Alinisimulia kwamba baada ya mazishi alikwenda Tororo, kwa mama yake rubani, kuomba msamaha kwa uzembe ambao ripoti ilimbandika mwanawe. Alibeba kuku. Kuku akakataliwa mlangoni, watu wakitazama. Akarudi tena, akafukuzwa tena.

"Afande, hiyo ulijua?"

Ningeweza kukana. Habari ile niliisikia wiki ileile, nikiwa likizo Busia, nikaendelea kula chakula changu.

"Nilijua, mama."

Akanipokonya kikombe kabla sijamaliza. Akasema nikasimame kaburini niseme hayohayo, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, halafu nisikanyage tena kwake. Nilisema yote. Watu wakaniangalia tu, wakapisha njia nipite. Ningeshukuru sana kama hata mmoja wao angenipiga.