Kinyaa cha Mama Davis

Wifi yangu Paskalina ana kisukari cha sindano tangu usichana wake. Hapa Tinde anajulikana kwa michembe, vile viazi vikavu anavyochemsha na kuuza pamoja na karanga kando ya barabara. Friji hana, kwa hiyo insulini yake huiweka kwenye chungu chenye mchanga wa unyevu. Anajichoma, anakula, anaendelea na shughuli zake.

Likizo hii mwanawe Davis alirudi kutoka chuo kikuu, ikaangukia zamu ya jumuiya kusali kwao. Baada ya rozari tukala michembe kwa chai. Kijana akasimama, akatueleza kwamba yeye na wanafunzi wenzake wanatengeneza insulini bora, isiyoharibika kwa joto, ili watu kama mama yake waachane na vyungu. Tukapiga makofi. Angekaa hapo, ningemsifu hadi leo. Lakini mimi ni shangazi yake, namjua, akianza kusema hajui kunyamaza.

"Mnaitengenezaje?" akauliza Evelina, mwenyekiti wetu.

"Tunachukua vijidudu, tunavipandikiza maelekezo, vinatutengenezea insulini."

"Vijidudu vya wapi?"

"Vya kawaida tu. Asili yake ni utumboni mwa binadamu. Hata kwenye kinyesi vimo."

"Mayu wane, mama yangu!" Evelina akasema, akarudisha sahanini kipande cha kiazi alichokwisha kuking'ata.

Nilichukia. Wanawake wale wale wanaosiriba nyumba kwa mavi ya ng'ombe, kwa mikono mitupu, leo wanabana pua. Davis naye akawakumbusha hilo. Evelina akamjibu kwamba mavi ya ng'ombe si ya mtu, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali.

Habari za vijidudu vya kinyesi zikaenea, na wiki hiyo michembe ya Paskalina ilidoda. Wateja walipita wakitazama upande mwingine. Kibaya zaidi, kinyaa kilimwingia mwenyewe. Akaacha kujichoma, akihofu kwamba hata insulini yake imetoka huko, akisema anasubiri dawa nyingine iliyo safi. Davis akaona amweleze ukweli.

"Mama, hata hii unayochoma miaka yote imetengenezwa na vijidudu. Huwa inasafishwa mpaka hakibaki hata kimoja."

Alidhani anamtuliza. Paskalina alikimbilia nje akatapika, kisha akarudi akavunja vichupa vyote kwenye majivu ya jiko. Siku iliyofuata alishindwa kuamka. Alihema kama aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinuka matunda yaliyovunda. Harufu ile ilinichefua, na mpaka sasa sijaisahau. Nikawachukia wote: Evelina na meno yake, Davis na mdomo wake, hata wifi yangu, mama mzima anayekubali kufa kwa sababu ya maneno ya kwenye chai. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji akiwa hajitambui.

Alipozinduka, kitu cha kwanza alichotazama ni dripu.

"Mmenichoma ile?"

"Ile ile," nikamjibu, na sikumbembeleza.

Alilia bila sauti. Davis akapiga magoti kando ya kitanda, akasema mradi huo anauacha, kwa kuwa umekaribia kumuulia mama. Muuguzi alipokuja na sindano ya jioni, Paskalina alinyoosha mkono akaiomba ajichome mwenyewe. Akafunua kitenge, akageuzia uso ukutani, akajichoma tumboni. Midomo ilimpinda kama anayelamba shubiri.

"Bado naona kinyaa," akasema, "na nitaona mpaka nife. Nenda kamalize hiyo dawa yako, mwanangu. Ila wakikuuliza imetoka wapi, sema imetoka chuoni."