Jirani Mwenye Ufunguo

Mdogo wangu alinunua nyumba Uholanzi kwa radhi ya mama, na radhi hiyo mama aliitoa akiwa amekaa kwenye kochi langu hapa Al Nahda, miguu ndani ya beseni la maji moto yenye chumvi. Naikumbuka saa ile kwa sababu nilikuwa na hasira zangu. Nilikuwa nimetoka kazini Al Rigga, kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, ambako arbab, bosi wangu, siku ile alishinda akitupigia kelele za yalla na khalas, na nilichotaka ni kulala. Badala yake simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai, na ndani yake mdogo wangu alikuwa akitutembeza nyumba.

Sisi ni watu wa Mombasa, Mji wa Kale. Mimi nilikuja Dubai baada ya kuachwa, na magoti ya mama yaliposhindwa na ngazi za nyumba yetu nikamleta akae nami. Mdogo wangu, kitindamimba, alikwenda Uholanzi kusomea uuguzi akabaki huko, akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Miaka yote hiyo alipanga vyumba vya watu, na mkataba ukiisha alihama na masanduku yake. Alitaka mlango wake mwenyewe kama wengine wanavyotaka mtoto.

Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, moja katika safu ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, kila moja na bustani ndogo mbele na ua wa majani uliokatwa ukanyooka. Madirisha yalikuwa makubwa na hayakuwa na mapazia.

"Hawa wakaa dukani ama nyumbani?" mama aliuliza.

Mdogo wangu alicheka. Akapanda ngazi kutuonyesha vyumba vya juu, na mama akashika kifua, maana ngazi zenyewe zilisimama kama za kupandia darini, nyembamba, hazina hata mahali pa kuweka unyayo mzima. Kisha akatoka nje akaizungusha simu tuuone mtaa. Miti, baiskeli zimefungwa, ndege analia mahali. Hakupita mtu.

"Nyumba nimeiona," mama alisema. "Watu wake wako wapi?"

"Ni mtaa wa kimya, mama. Ndiyo uzuri wake."

"Kimya cha nini? Kuna msiba?"

Huko, kwa alivyotueleza, watu hawakai wakapatana bei. Kila anayeitaka nyumba huandika bei yake kwa siri akampelekea dalali, na mwenye nyumba huchagua. Mdogo wangu alikuwa ameshakosa nyumba kadhaa kwa njia hiyo, na bei ya nyumba hii ilitakiwa ifike jioni ile ile. Fedha alikuwa nazo, benki ilishakubali. Alichobakisha ni radhi ya mama, na bila hiyo asingeandika hata herufi. Ndivyo tulivyolelewa.

Mama akaitoa kwa sharti. "Nenda ukawabishie hodi jirani zako. Uwaamkie, uwatizame nyuso. Uwaambie, mimi nataka kukaa hapa na nyinyi. Kisha nipigie, nikupe radhi yangu."

"Mama, huku watu hawabishiani hodi hivyo. Wataniona mwendawazimu."

"Na wakuone."

Mama hakuwa anafanya ukaidi. Kwetu, mlango usipofunguliwa mpaka jua limepanda, jirani anakuja kugonga. Mama alikaa ujane wake wote hivyo na hakuwahi kuogopa. Hata hapa Dubai, wiki ile ile aliyofika, alipita kila mlango wa ghorofa yetu na sahani ya mahamri, mimi nyuma yake nikiona haya, nikiomba lifti inimeze. Leo mama wa Kimisri wa mlango unaotukabili asipomsikia mama akikohoa asubuhi, ananipigia simu kazini. Kitu kimoja tu mama alikiogopa duniani, nacho ni mwanawe kuanguka nyuma ya mlango uliofungwa na asijue mtu.

Kabla ya magharibi mdogo wangu alipiga tena. Amewaamkia, alisema. Jirani wa kulia ni bibi mzee, mjane, ana mbwa mdogo, na magoti yanamuuma kama ya mama. Amemkaribisha ndani kwa kahawa.

"Kakupa nini na kahawa?"

"Biskuti."

"Ngapi?"

"Moja, mama. Kisha akaufunga mkebe, akaurudisha kabatini."

Tulicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. Mama akampa radhi papo hapo, akamwombea dua ndefu, na wiki haikuisha tukaambiwa nyumba ameipata.

Tangu siku hiyo tulikuwa na mtu wa tatu katika mazungumzo yetu. Mama hakuuliza kuhusu rangi ya kuta wala paa. Aliuliza, bibi hajambo? Magoti yake? Ana mtoto anayekuja kumtazama, au ndiyo wamemtupa? Miezi ile ya kusubiri makaratasi, kila akienda kuitazama nyumba, mdogo wangu alirudi na jibu, na majibu yalikuwa mazuri. Mara bibi amegombana na mwenye baiskeli, mara mbwa ameharisha. Halua ya Mombasa ikifika ofisini kwetu, mama alikuwa ananifungisha mkebe wa bibi kwenye furushi la mdogo wangu, nami nikinung'unika. Jibu lilirudi kwamba bibi ameipenda, lakini imemnata meno ya bandia. Siku mdogo wangu alipokabidhiwa funguo, akasema ule wa akiba amempa bibi, mama aliinua mikono. "Alhamdulillahi. Sasa nalala."

Alihamia rasmi, akachukua likizo kazini apake rangi na kutundika vitu vyake. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kazini wa kumtarajia.

Siku ya kwanza hakupokea simu. Tulisema ana rangi mikononi. Siku ya pili hakupokea tena, na hapo mimi nikaanza kumpigia kila baada ya dakika chache. Aliyenituliza ni mama. Mama huyu, ambaye nikichelewa kutoka Al Rigga kwa ajili ya foleni tu huwa ameshawapigia nusu ya Waswahili wa Dubai, alikuwa amekaa akichambua mchele.

"Simu imeharibika," alisema. "Kungekuwa na jambo, bibi angeshaingia. Ufunguo anao."

Nikaona kweli. Nikala, nikaenda kazini.

Siku ya tatu sikuweza. Nilikuwa na namba ya mwenzake wa kazini, msichana wa Kisomali aliyewahi kupita Dubai na kulala kwangu. Nilimpigia nikiwa nimejificha kati ya maboksi, arbab asinione. Alikwenda pale akagonga, akaita polisi, wakavunja mlango. Aliponipigia nilijua kabla hajaniambia, kwa sababu aliivuta salamu yote mpaka mwisho.

Alikuwa ameanguka kwenye ngazi. Alikuwa chini, ubavuni mwa ukuta, ameshafariki, nyonga imevunjika na simu iko chumba cha juu.

"Na yule bibi?" nilimuuliza. "Bibi mwenye ufunguo, alikuwa wapi?"

"Bibi yupi, dada?"

"Jirani wa kulia. Mwenye mbwa."

Akasema kulia anakaa mwanamume peke yake, mtu wa makamo, na kushoto nyumba ni tupu, inauzwa. Yule mwanamume alikuwa amesimama nje, analia mbele ya polisi. Hakuwahi kusema na mdogo wangu hata neno. Alisikia kugongwa ukutani siku ya kwanza, kisha usiku kucha, kisha kidogo kidogo siku ya pili. Alidhani jirani mpya anatundika picha. Hakutaka kumsumbua mtu ndani ya nyumba yake.

Hilo la ukuta sijamwambia mama mpaka leo, na halitatoka kinywani mwangu. Wala sikumwambia maneno ya daktari, kwamba siku ile ya kwanza angeweza kuokolewa.

Viza yangu ilitoka baada ya maziko. Watu wa msikitini walimwosha na kumzika, Mungu awalipe, watu ambao siwajui. Msichana wa Kisomali akanipeleka kwenye ile nyumba. Nilidhani nitaichukia lakini ilikuwa nzuri, nuru imejaa. Ukuta mmoja alikuwa ameumaliza kupaka rangi, rangi ya maziwa, na mwingine umefika nusu. Mtaani hakupita mtu. Chini ya ngazi kuna kabati, nilipolifungua nikaikuta mikebe ya halua, yote, imepangwa vizuri, karatasi yangu ya ofisini haijachanwa. Alikuwa hawezi kuila kwa kuwa si yake, na hana wa kumpa. Nilikaa pale sakafuni, mahali alipoangukia yeye, nikamtukana. Nilimwita mjinga, mwongo, kisha nikamlilia.

Nilikuwa naujua uongo wake ulivyozaliwa. Saa zilikuwa zinakwenda, bei inatakiwa, na radhi iko nyuma ya milango aliyoona haya kuigonga. Yule bibi nadhani alimtoa kazini, miongoni mwa wazee aliokuwa akiwaosha na kuwalisha. Ile biskuti moja lazima ilikuwa ya kweli, mahali fulani, kwa mtu fulani.

Nilirudi Dubai nikakuta mama ameshapata wa kumlaumu. "Ufunguo alikuwa nao," alisema, kabla sijaweka mkoba. "Alikuwa nao. Mbwa wake anamtoa kila siku, anapita mlangoni pa mwanangu. Kwa nini hakufungua?"

Nilifungua mdomo. Kisha nikaona kilicho nyuma ya yale maneno yangu. Nikimwambia hakuna bibi, atauliza kwa nini mwanawe alimzua. Na jibu la hilo limekaa kwenye kochi langu, miguu ndani ya beseni. Mama yangu angelifikia kwa hatua moja tu, naye ni mwepesi wa akili kuliko mimi.

"Sijui, mama," nilisema.

Akamshitaki bibi kwa Mungu. Baada ya kila sala, kwa sauti, miezi ile yote. Nilikuwa naosha vyombo na kusikia akimwombea mabaya mtu asiyekuwapo, nikafurahi kwamba yale mabaya hayana pa kutua.

Juzi, Ramadhani imekaribia, na watu wetu wanapigiana simu kuombana msamaha. Mama alimaliza kuzungumza na shoga zake wa Mombasa, akaweka simu mapajani, akaniita.

"Yule bibi," alisema. "Ni mtu mzima. Pengine naye alikuwa mgonjwa, magoti yake yale. Sitaki kuuingia mwezi huu na kinyongo moyoni. Mpigie simu, mwambie nimemsamehe."

"Mama, lugha—"

"Lugha unayo ya kizungu. Mpigie."

Nilikwenda chumbani na kufunga mlango. Nilikaa kitandani na simu sikioni bila kumpigia mtu, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika sebuleni, kwamba mama yangu amemsamehe. Nilinyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza. Nikasema tena, maana mara ya kwanza sauti ilikatika. Mama alikuwa amesimama karibu na mlango nilipotoka, ameshika ukuta kwa ajili ya magoti.

"Kasemaje?"

"Amelia," nikasema.

Mama alitikisa kichwa polepole, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akaenda jikoni, nikamsikia akifungua kabati la juu.

"Basi mfungie na halua," aliita kutoka kule. "Asije akadhani nimesamehe kwa mdomo tu."