Adhabu ya Rael

Kwa miaka ishirini na sita Priscah alimngojea Mungu amwadhibu Rael. Kosa la Rael kijiji kizima, hapa karibu na Kabianga, kililijua: aliolewa na Kimeli, na Kimeli alikuwa ameshaanza kumposa Priscah. Wazee walikuwa wamekuja mara mbili, ikabaki mara ya tatu ya kumaliza maneno. Mara hiyo ya tatu wakapita mlangoni bila kugeuza shingo, wakaingia kwa kina Rael.

Malipo ni hapa hapa duniani, Priscah alijiambia. Akaolewa na mwingine, akazaa, akafiwa na mume, jicho moja likiwa ng'ambo ya ua, kwa jirani yake Rael. Lakini malipo hayakuwa na haraka. Ng'ombe wa Rael walizaa mitamba mfululizo. Chai yake ilikuwa ya kijani hadi inakera. Na miaka nenda miaka rudi Kimeli alitoka kumpokea mzigo njiani, jambo ambalo marehemu mume wa Priscah hakulifanya hata siku moja. Tusidanganyane: hao ng'ombe Priscah angewasamehe.

Basi mwezi wa nne, kwenye kituo cha majani chai, karani alimwaga gunia la Rael mezani. Juu yalikuwa majani mawili na kichipukizi, kama inavyotakiwa. Chini, majani makavu magumu, mengi. Kanuni ya kituo ilikuwa wazi: anayeficha majani magumu chini ya mazuri haleti chai mwezi mzima. Priscah alikuwa mwanakamati. Alijizuia asitabasamu.

Jonah, mwenyekiti, alitaka kupoza mambo. "Huyu mama hajawahi kutusumbua. Tumpe onyo tu, yaishe."

"Yaishe aje?" Priscah akasimama. "Mwaka jana si tulifungia Atuti, na ako na watoto wadogo? Ama sheria ni ya watu wengine?"

Na alisema kweli. Wivu ukivaa sheria hupendeza sana, mtu hawezi kuuvua.

"Mama Kipkurui," Jonah akamgeukia Rael, "uko na la kusema?"

"Sina. Gunia ni yangu."

Akafungiwa mwezi mzima. Usiku huo Priscah alilala kama mtoto. Mvua ikanyesha, na kufikia wiki ya tatu chai ya Rael ilikuwa imepanda mpaka kifuani. Priscah alitaka kuiona kwa macho yake. Ndama wake hakuwa amepotea, lakini alikwenda kumtafuta.

Alisikia sauti, akainama nyuma ya ua. Kimeli alikuwa amesimama katikati ya michai, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Ndipo Priscah alipokumbuka kwamba hajamwona kanisani tangu Krismasi. Rael alikuwa amemshika vidole, akivipitisha juu ya majani.

"Hii?"

"Laini."

"Na hii?"

"Laini pia."

"Hapana, Baba Kipkurui. Hiyo ni ngumu. Ikunje, utasikia inavunjika."

Kimeli akalikunja jani. "Si ungewaambia tu ni mimi nilichuma yale ya chini ile siku?"

"Niwaambie macho yako imeisha, waanze kukuhurumia? Wacha wanifungie."

Kimeli akacheka, na Rael akacheka naye.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Priscah angeweza kwenda kwa Jonah saa hiyo hiyo, aseme kwamba adhabu imemwangukia asiyekosa. Hakwenda. Aliketi kwenye nyasi mbichi, sketi ikalowa, akasikiliza. Miaka yote hiyo aliomba Rael aadhibiwe, na sasa ameadhibiwa, na Priscah aliionea wivu hata hiyo adhabu. Yeye hakuwahi kuwa na mtu wa kumbebea mzigo namna hiyo.