Uyoga wa Chini ya Misonobari

Mwaka ule mishahara ilipokatika na shule zikafungwa, tulikula uyoga ambao mtaa wetu mzima kule Annexe ulijua ni sumu. Ulijua hivyo kwa sababu mimi na mama ndio tulioeneza habari hiyo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la misonobari lililoachwa. Baba alikuwa ameotesha miti ile kwa mikono yake, mpaka kitalu alichofanyia kazi kikafa. Alitueleza kwamba asili ya misonobari ile ni milima ya nchi za joto huko Asia, kwenye miteremko ya udongo mbovu, na kwamba haistawi bila uyoga wake mizizini.

"Miche ilikuwa inageuka manjano," alisema, "mpaka tulete udongo wa chini ya miti ya zamani. Ule buyoga ulikuja na muti. Munaweza kula, lakini mutoe kwanza ile ngozi yenye kuteleza."

Wamama wa mtaa walijua kila uyoga wa pori letu, ila huu wa kahawia, unaoteleza kama kamasi, waliutilia shaka. Sisi tukachochea. Nilihadithia kisimani kwamba mbwa mmoja aliula akafa.

Wiki hiyohiyo jirani yetu, mama shemasi, akatangaza kwenye maombi kwamba ameona nyoka mkubwa mweusi kwenye misonobari, mtu asikanyage. Mama alifurahi sana. Aliona Mungu mwenyewe anatulindia chakula.

Asubuhi moja baada ya mvua, nikiwa nimeinama kuchuma, nikainua kichwa na kumkuta mama shemasi mbele yangu. Beseni lake lilijaa kuliko langu.

"Jambo, mama. Na ile nyoka?"

"Iko inalala," akajibu bila kupepesa macho. "Na wewe, ile sumu?"

"Niko naenda kuitupa, mama."

Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaninong'oneza kwamba tangu waanze kula, nyumba yake nzima inashindana kukimbilia choo.

"Munatoa ngozi?"

"Ngozi gani?"

Nikampeleka kwetu. Aliketi uani na mama wakamenya mabeseni yote mawili, vidole vikawa vyeusi. Baba aliporudi kutoka mjini, alikokwenda kutafuta kazi asiipate, alikuta bukari, ugali wetu, imeiva na mama shemasi anakoroga sufuria ya uyoga. Hakuuliza nani alitoboa siri. Alinawa, akavuta kiti.