Vafle Moja kwa Watu Wanne

Binamu yangu Ardis Tollefsrud amelia mbele za watu mara mbili tu: siku alipomzika mumewe, na siku ulipofungwa mkahawa wa mwisho wa chakula cha Kinorwei hapa Minneapolis. Siku ya mkahawa alilia zaidi. Nilimshika bega nikamwambia basi, Ardis, basi, wala sikuthubutu kumkumbusha kwamba mkahawa wenyewe alikuwa ameuingia mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa anatafuta choo.

Namsema Ardis kwa kuwa ndiye aliyekuwa kinara wetu. Msidhani najitoa. Nilikuwa naye meza moja, na aibu nitakayoisimulia ni yangu kama ilivyo yake.

Alikuwa karani wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne. Mrefu, mkavu, mgongo umenyooka, na koti lake la sufu la kijivu lina viraka viwikoni, maana alilinunua watoto wake wakiwa bado wadogo. Pesa anazo. Marehemu alimwachia nyumba ya mjini, nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, na shamba la mahindi analolikodisha. Lakini kwetu sisi kuonyesha pesa ni sawa na kutoka nje bila nguo, na kuagiza sahani iliyojaa mbele za watu hakupishani sana na hilo. Ardis alikuwa mkono wa birika, mwenyewe akiita adabu.

Basi baada ya mkahawa ule kufungwa, kwa miaka tisa tulisikia wimbo mmoja.

"Mji huu!" alizoea kusema. "Rusha jiwe, utampiga Olson fulani, Mnorwei mwenzetu. Nikitaka supu ya Kivietinamu, ipo kona hii. Nikitaka injera ya Waethiopia, ipo kona ile. Lefse ya mama yangu niipate wapi, LaVonne? Niambie!"

Lefse ni chapati laini ya viazi, na chuma cha kuipikia Ardis alikuwa nacho jikoni kwake, lakini ole wako umkumbushe. Aliandika barua gazetini. Kila Novemba, kwenye chakula cha kanisa, tunapokula samaki wa kulowekwa magadi na kupongezana kwa kummeza, alisimama akasema kwamba watu wasio na mahali pa kula chakula chao ni watu wanaokwisha. Tulimpigia makofi. Na mtu akiuliza mbona mikahawa yetu haidumu, jibu tulikuwa nalo tayari: vijana hawajali. Nyani haoni kundule.

Barua mojawapo ilisomwa na Ragna Brekkhus, mwanamke wa miaka arobaini na moja aliyekuwa mpishi wa hospitali. Ragna aliuza nyumba aliyorithi kwa baba yake huko mashambani, akafungua mkahawa wa meza sita, mtaa wa pili kutoka kanisani kwetu. Siku ya kufungua alitujia na kipande cha gazeti mkononi.

"Bi Ardis, barua yako ndiyo iliyonitia moyo. Nilijiambia, kumbe wateja wapo."

"Aa, mimi sikufanya kitu," Ardis alisema, akawa mwekundu mpaka masikioni. Hilo ni jibu letu kwa kila sifa. Safari hii alikosea, kwa sababu alikuwa amefanya kitu kikubwa sana.

Tukaanza kwenda kila Jumanne, wanawake wanne wa kanisa letu: Ardis, Avis, Beverly na mimi, LaVonne. Tuliingia saa tano asubuhi tukatoka saa nane mchana, na meza yetu ilikuwa ile kubwa ya dirishani. Tuliagiza kahawa nne, na kahawa pale ukilipia kikombe kimoja unajaziwa mpaka uchoke, na vafle moja. Narudia: moja. Ni mkate mwembamba wa kubanwa kwenye chuma cha moto, unatoka na umbo la mioyo mitano iliyoshikana, juu yake jamu na jibini ya kahawia. Mioyo mitano, watu wanne. Ule wa tano ulituchukua saa nzima.

"Chukua wewe, Avis."

"Mimi? Nimeshiba hadi hapa. LaVonne hajala kitu."

"Nimekula jamani. Ardis amalizie."

"Haya, nikatieni nusu tu, msinilaumu."

Nusu ilikatwa nusu, na nusu yake ikakatwa tena, mpaka ikabaki chembe ambayo hata shomoro asingeiangalia. Chembe hiyo ilirudi jikoni, maana kwetu anayemaliza sahani ni mlafi.

Ragna alikuja na karatasi ya vyakula. "Leo nina samaki wa kuoka, na vitonge vya nyama kwa mchuzi wa malai. Niwaletee?"

"Usijisumbue, mwanangu," Ardis alimwambia. "Kahawa inatosha."

Nasi tuliamini kwamba tunamhurumia, mtu mmoja peke yake jikoni. Mara ngapi nilimwona mtu akichungulia, akaona meza ya dirishani imekaliwa, akaenda zake! Ardis hata gari hakuliegesha mbele. Alilizungusha mtaa wa nyuma, gari jipya lenye viti vya kujipasha joto, akisema, "Nafasi za mbele ni za wateja." Alilisema hilo kila Jumanne, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka.

Kipupwe cha pili, Ragna alianza kutuletea vafle nyingine bila kuombwa. "Imeungua kidogo, nisaidieni kuila." Haikuwa imeungua. Baadaye zikaja bakuli za supu ya njegere, "imebaki ya jana." Baadaye tena, vibakuli vyenye vifuniko vya kupeleka nyumbani.

"Mmeona?" Ardis alituambia, akikiweka chake mkobani. "Mtoto ana malezi huyu. Anatujua sisi ni nani. Mcheza kwao hutunzwa."

Tukatunzwa. Na vya bure, naona haya kuandika, hatukukata nusu wala kubakiza chembe.

Kipupwe cha tatu tulikuta karatasi mlangoni: Jumamosi ndiyo siku ya mwisho. Ardis aliisoma mara mbili, akageuka, macho yamelowa.

"Watu wa mji huu hawana shukrani! Mahali pamoja tu tulikuwa napo, wameacha pafe!"

"Hawana shukrani," tukaitikia.

Jumamosi hiyo foleni ilifika hadi kona, watu wamejifunika skafu mpaka puani, kila mmoja akisikitika, na wengi nyuso zao sijapata kuziona pale. Ardis alikuwa ameapa njiani kwamba leo ataagiza sahani nzima ya samaki, na kila mmoja wetu aagize yake, kwa heshima. Ragna alituona kupitia kioo, akatoka mbio, akatushika mikono akatupitisha mbele ya foleni yote hadi jikoni. Akatukalisha kwenye viti virefu kando ya masinki.

"Ragna, leo nataka samaki," Ardis alisema. "Sahani nzima."

Ragna alilitazama koti lake, pale kwenye viraka. "Usijisumbue, Bi Ardis. Weka pesa yako. Hapa hamlipi leo."

Akampa kila mmoja kibakuli cha supu ya moto, kisha akatoa karatasi mfukoni mwa aproni.

"Mkahawa umeniuma, sikatai. Lakini usingizi nimekosa kwa ajili yenu. Jumanne mtakula wapi? Nimewaandikia mahali wanapowapa wazee chakula. Hawaulizi maswali."

"Wanawapa?" Avis aliuliza. "Bure?"

"Msione haya, Bi Avis. Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo. Ukimkaribisha, ameshiba. Kahawa inamtosha. Alipokufa tukafungua kabati lake, mna chumvi na unga usiojaa kikombe." Akajipangusa macho kwa mkono wenye unga. "Siku ya kwanza nilipowaona mnagawana ile vafle, nilikwenda stoo nikalia. Nikaapa hakuna bibi atakayetoka kwangu na njaa."

Beverly alitazama sakafu. Nami nilimtazama Ardis. Funguo za gari zilikuwa mkononi mwake, naye akazifumbata. Mdomo ulifunguka, nikajiambia sasa anasema, na kama hasemi yeye, nitasema mimi.

"Asante, mwanangu," alisema. "Mungu akuzidishie."

Akaipokea ile karatasi. Nami nikasema asante.

"Na basi la abiria hampandi kwa baridi hii," Ragna alisema. "Dale! Wapeleke mabibi nyumbani."

Dale ni mumewe, mtu mpole, mnene, gari lake bovu linakohoa. Tungemwambia nini? Kwamba letu liko mtaa wa nyuma? Tulijipakia wanne, supu mapajani.

"Mnakaa wapi?" aliuliza.

Ardis akataja yale majengo ya nyuma ya reli, ya serikali, wanakopewa vyumba wazee wasio na kitu. Nilijibana nisimtazame.

Dale hakukubali kutushusha barabarani. Alitushika viwiko mmoja mmoja tusiteleze kwenye barafu, akatufikisha mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Ardis akajifanya anatafuta ufunguo mkobani.

"Nenda, baba. Mkeo amezidiwa na kazi kule."

"Siendi mpaka muingie ndani."

Ndipo mzee mmoja mwenye fimbo akatufungulia kutoka ndani. Tukaingia. Dale alitupungia mkono, akaondoka na gari lake linalokohoa. Ukumbini palinuka kabichi na dawa ya sakafu. Mzee alitutazama, akavitazama vibakuli, akatabasamu.

"Mmehamia leo? Karibuni. Wamewapa chumba namba ngapi?"

Ardis alisikiliza mpaka gari la Dale lisisikike tena.

"Hatukai hapa," Ardis alimwambia. "Sisi tuna nyumba zetu."

Alilisema hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri wizi.