Teji Iliyomnyima Vajubhai Usingizi

Zamani katika Mtaa wa Masonara, mjini Rajkot, saa saba mchana ilikuwa na sauti yake. Milango ya chuma ilishuka mmoja baada ya mwingine, kuanzia kwa muuza maua mpaka kisimani, kisha mtaa mzima ukalala hadi saa kumi. Mteja aliyetoka mbali akibisha, alijibiwa kutoka dirishani kwamba fedha haiozi, arudi jioni. Leo maduka yana viyoyozi na wasichana wenye sare, na yako wazi mchana kutwa. Vijana wameambiwa kulala mchana ni uvivu, nao wameamini. Wanawapigia wateja miayo usoni na kuita hayo maendeleo.

Vajubhai Ranpara, muuza vikuku vya fedha, hakuamini. Saa saba alishusha mlango wake, akaenda nyumbani, akala mkate wa mtama na mchuzi wa mtindi, akalala. Ila miaka ya karibuni ule usingizi ulikuwa ndiyo kazi yake kubwa ya siku. Vikuku vya mashine vilikuwa vimewachukua wateja wake, na asubuhi nzima alikaa akifuta vumbi kwenye mizani isiyopima kitu.

Ndipo rafiki yake Lalitbhai, muuza vipuri vya shaba, alipompeleka darasani kwa Hetvi.

Hetvi alikuwa binti wa jirani, aliyeacha kazi ya benki akafungua darasa la soko la hisa juu ya kibanda cha gathiya, vile vitafunio vya kukaanga vya unga wa dengu. Asubuhi ya kwanza aliandika ubaoni maneno ya Kiingereza, akaeleza kwamba mtu anaweza kulipa pesa kidogo leo ili awe na haki ya kununua hisa baadaye kwa bei waliyokubaliana leo, na kwamba aliyeuza haki hiyo hubaki na zile pesa, liwalo na liwe.

Vajubhai alisimama nusu. "Binti, hiyo ni teji!"

"Ni nini, Ami Vaju?"

"Teji! Na haki ya namna hiyo ya kuuza ni mandi. Marehemu baba yangu alikuwa akiziuza teji za fedha barazani, wakishikana mikono chini ya kitambaa ili jirani asijue bei. Zile pesa ndogo tuliziita kilemba. Kumbe mmeichukua mkaitia kwenye simu?"

Darasa likacheka. Hetvi naye akacheka, akafuta Kiingereza chake, akaandika teji, mandi na kilemba. Tangu siku ile Vajubhai hakukosa somo. Kila asubuhi alikula gathiya na pilipili za kukaanga pamoja na wenzake, wakibishana kuhusu hisa za mabenki zitakwendaje, na koo lake likaanza tena kutoa ile sauti ya baraza aliyodhani imezikwa na baba yake. Alitembea kama mtu aliyerudishiwa meno.

Mkewe, Muktaben, aliyaona hayo yote, na hakuyachukia. Lakini alikuwa amekulia katika nyumba iliyovunjwa na teji za pamba, na alijua balaa huingilia wapi. Hakumwekea mumewe kiwango cha pesa. Alimwekea sharti moja.

"Baba Paresh, cheza na simu yako utakavyo. Ila siku soko litakapoingilia usingizi wako wa mchana, mara moja tu, naifuta hiyo programu kwa kidole changu mwenyewe, na darasani huendi tena."

"Usingizi wangu?" Vajubhai alicheka. "Mama Paresh, mimi nililala siku ya tetemeko!"

"Ndiyo. Basi endelea kulala."

Miezi kadhaa alilala vizuri. Aliuza teji ndogo ndogo, na kwa kila teji aliyouza alinunua nyingine ya bei ya juu zaidi iwe kinga, kama Hetvi alivyowafundisha, ili soko likipanda ghafla hasara iwe na dari. Lakini moyoni kinga ile ilimkera. Katika baraza la baba yake, aliyepokea kilemba alikaa nacho mpaka siku ya mwisho. Mtu akiogopa akaenda kujikinga, wenzake walimpelekea nyumbani bangili za kike kwenye sahani ya shaba, mbele ya majirani, na mwenye bangili hakuongea tena barazani bila kuchekwa.

Jumatatu moja, soko likiwa limelala doro, akauza teji za hisa za mabenki, nyingi kuliko siku zote. Mkataba ulikuwa wa kuisha kesho yake. Kinga hakununua.

"Ami, umeacha mlango bila komeo," Hetvi alimwambia alipoiona simu yake.

"Nimesimama kwenye neno langu, binti."

"Neno lako amelipokea nani? Mnunuzi humjui, wala yeye hakujui. Ni mashine tu."

"Ndiyo kasoro ya soko lenu," alisema Vajubhai. "Mimi bado najijua."

Lalitbhai alimpiga kofi la mgongo. "Mwache! Huyu ni simba wa baraza. Mimi mwenyewe nimenunua teji hizo hizo, huenda nimenunua kwake. Vaju, kesho nitakula vikuku vyako na chumvi!"

"Utakula vumbi la dukani kwako!"

Jumanne asubuhi soko lilianza kupanda polepole. Kufikia saa saba lilikuwa limesogea karibu na ile bei ambayo ikivukwa, kilemba chote kingeanza kurudi kilikotoka na kuchukua vingine njiani. Vajubhai alishusha mlango, akaenda nyumbani, akala bila kujua anakula nini. Akajilaza, simu chini ya mto. Muktaben akajilaza kitanda cha pili.

Vajubhai alifumba macho. Soko halifungi mpaka saa tisa na nusu. Aliona namba zikipanda kama maziwa jikoni. Kisha akakumbuka sharti, na akajua kwamba kinachoning'inia si kilemba. Ni zile asubuhi za gathiya, na makelele, na kuitwa simba. Bila hayo angerudi kufuta mizani. Basi akaanza kukoroma.

Alikoroma kwa bidii. Aliweka mluzi mwishoni kwa ajili ya mapambo.

"Baba Paresh."

Mkoromo ukaongezeka.

"Baba Paresh, nimelala na wewe tangu nilipoletwa nyumba hii. Wewe ukilala unakoroma kama mtu anayeburuta kabati. Hiyo ni filimbi ya askari wa barabarani. Nipe simu."

Akafumbua jicho moja. "Subiri, Mama Paresh. Tusidhulumiane. Ulisema soko likiingilia usingizi wangu. Usingizi wenyewe haujaja. Limeingilia nini?"

Muktaben alikaa kitandani. Alijitahidi kununa, lakini pembe ya mdomo ikamsaliti. "Wakili mzima! Kuna nini humo?"

Akamweleza. Teji nyingi, kinga hakuna.

"Na kwa nini huna? Yule mtoto hakuwafundisha?"

"Ametufundisha. Lakini baba yangu..."

"Baba yako alikuwa akimwona mtu aliyemuuzia. Alimjua mpaka jina la ng'ombe wake. Mwaka ulipokuwa mbaya walikaa wakapunguziana. Wewe hapa nani atakupunguzia, hii betri?"

"Wataniletea bangili."

"Waje nazo. Nitazivaa mimi, sijanunuliwa bangili tangu harusi ya Paresh." Alichukua kapu la nguo zilizokauka, akalimwaga kitandani. "Nakunja nguo hizi. Nikimaliza, nakuta umelala, umelala kweli, au simu ni yangu."

Vajubhai alisimama kwenye roshani na simu mkononi. Chini mtaa uliokuwa ukilala ulikuwa ukipiga honi. Alitazama barabara nzima akimtafuta mtu mmoja tu ambaye angejali kama Vajubhai Ranpara amesimama kwenye neno lake, na hakumwona. Wazee wa baraza walikuwa wamekufa, au wana wao wamefungua maduka yenye viyoyozi. Kilimuuma hicho kuliko namba za simu. Alikuwa akimlindia heshima mtu asiyekuwepo.

Akampigia Hetvi. "Binti, niwekee komeo."

"Sasa imepanda bei, Ami. Itakula kilemba karibu chote."

"Iache ikile. Isinibakishie cha kufikiria."

Akasikia pumzi ya faraja upande wa pili. Akafuata maelekezo yake, akabonyeza, akangoja mpaka teji ya kinga ikaonekana kwenye orodha yake. Akarudi ndani. Muktaben alikuwa amefikia shati la mwisho, na alikuwa akilikunja kwa mara ya tatu. Vajubhai akamwekea simu juu ya rundo la nguo, akageukia ukutani.

Kabati likaanza kuburutwa.

Saa nane na nusu habari fulani ya riba ilitangazwa, na hisa za mabenki zikaruka kama zilizokanyaga kaa la moto. Simu ilitetemeka juu ya nguo. Ilitetemeka tena. Muktaben akaitazama, akamtazama mumewe, akaikalia.

Saa kumi Vajubhai aliamka, akajinyoosha, akauliza, "Vipi?"

"Sijui kusoma hayo. Soma mwenyewe."

Akasoma. Kilemba kilikuwa kimekwenda, na juu yake hasara ya bei ya vikuku jozi kadhaa, basi, dari imezuia. Bila kinga angeuza duka. Kulikuwa na ujumbe wa Lalitbhai wenye vicheko vingi: kesho gathiya analipia yeye, na simba aje na njaa.

"Darasani naenda?" Vajubhai aliuliza, kwa sauti ya mtoto anayeomba ruhusa.

"Umelala, hujalala?"

"Nimelala usingizi wa pono."

"Basi nenda. Lakini sikiliza." Muktaben alivuta shuka mpaka kidevuni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Soko lako halikukuamsha wewe, limeninyima mimi usingizi mchana kutwa nikisikiliza kama unakoroma kweli. Kuanzia leo, kabla ya mkate, unanionyesha kila ulichouza na kinga yake. Nikiona hakuna, huli. Sasa duka litangoja. Chai iko kabatini, tangawizi iko kapuni, na mimi nisiguswe mpaka magharibi."

Vajubhai aliutafuta mlango wa jikoni. Alisimama humo kwa muda, akifungua makopo moja baada ya jingine na kuyanusa, kwa kuwa hakuwahi kujua sukari hukaa wapi.